Kuuliza si ujinga, kujibiwa ni haki

Mkazi wa Kewanja au Nyangoto, vijiji vya Tarime nchini Tanzania, ambaye hajawahi kukanyaga Uingereza anaweza leo kuiandikia wizara yoyote ya huko barua pepe, akaomba nakala ya nyaraka zake, na wizara ikatakiwa kumjibu ndani ya siku 20 za kazi. Sheria yao ya uhuru wa taarifa ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2005, haibagui uraia wala haimlazimu mwombaji kutaja sababu. Lakini mkazi huyohuyo akienda ofisi ya umma wilayani kwake kuomba karatasi ya uthamini wa shamba lake mwenyewe, mara nyingi ataambiwa arudi kesho.

Hapa Uingereza ninapoishi, niliwahi kuiuliza halmashauri yetu imetumia kiasi gani kukarabati barabara ya mtaa. Nilipewa namba ya ombi, na jibu likaja kwa wakati. Sikumjua mtu yeyote pale. Maofisa wa huku si wema kuliko wa kwetu. Nao huchelewesha, na halmashauri inaruhusiwa kukataa ombi ambalo kazi yake inazidi pauni 450. Ila anayekataa lazima ataje kifungu cha sheria, na mwananchi asiporidhika anakwenda kwa Kamishna wa Taarifa, kisha kwenye baraza la rufaa. Ofisa anajibu kwa sababu anajua na yeye ataulizwa.

Nyumbani Tanzania nako sheria ipo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inaipa ofisi siku 30 kujibu na inaitaka iwe na ofisa wa kushughulikia maombi. Udhaifu wake uko kwenye rufaa. Ukinyimwa taarifa unamwendea mkuu wa taasisi, kisha waziri, ambaye ni sehemu ya serikali hiyohiyo. Ukivuka mpaka pale Sirari ukaingia Isebania, Wakurya wenzetu wa Kenya wana siku 21 na tume huru ya kupokea malalamiko yao.

Tarime jambo hili linagusa maisha ya watu moja kwa moja. Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, mashamba na nyumba za Nyamongo, eneo la mgodi huo, vimekuwa vikithaminiwa ili wenyewe walipwe fidia na kuhama. Hapo ndipo lilipozaliwa neno tegesha: kujenga au kupanda haraka ili ulipwe. Wapo waliotegesha, na wapo wanaodai wamebandikwa jina hilo bila haki. Wa kweli na wa uongo watatenganishwa na kumbukumbu: tarehe ya uthamini, picha zilizopigwa na fomu iliyosainiwa. Ndugu yangu mmoja alipoomba nakala ya fomu yake katika ofisi moja ya umma, aliulizwa, "Nani amekutuma?" Mpaka leo hajaipata.

Maji nayo ni hivyohivyo. Mwaka 2009 maji ya mgodi yalivuja hadi Mto Tigithe, na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Mama anayechota maji mtoni anastahili kuona vipimo vya maabara, siyo kusikia kiasi cha faini tu. Na kule Serengeti, mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na tembo anasubiri kifuta jasho bila kujua fomu yake imekwama kwenye meza ipi.

Asije mtu akasema uwazi ni desturi ya Wazungu. Wazee wetu walikaa iritongo, kikao cha hadhara ambapo mtuhumiwa alijibu mbele ya jamii nzima.

Sisi wa ughaibuni tuna la kujifunza pia. Sheria ya 2016 inampa haki hiyo raia wa Tanzania peke yake. Aliyechukua uraia wa nje hana tena nguvu ya kuomba taarifa za kijiji alichozaliwa. Basi tuwasaidie walioko nyumbani: tuwaandikie barua, tuwalipie nauli na nakala.

Ndugu yangu wa Tarime na Serengeti, usiombe kwa mdomo. Andika barua, taja Sheria Na. 6 ya 2016, eleza waraka unaoutaka na tarehe yake. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, kisha hesabu siku 30. Asiyejua kuandika aombe ofisa amwandikie. Na wabunge wetu wa Mara wapeleke Dodoma hoja moja: rufaa za taarifa zitoke kwa waziri, ziende kwenye tume huru. Bila hilo, haki yetu itaendelea kuwa hisani ya mwenye ofisi.