Tundu Nililoliziba

Niliwakata alama wanafunzi wangu kwa kosa langu mwenyewe, na nimechelewa kulisema.

Nafundisha kalkulasi. Uso uliopinda ukiuchora kwa chaki, nusu ya darasa hawauoni. Tangu 2011 vivinjari vina WebGL, inayochora pande tatu bila kusakinisha kitu kingine, kwa hiyo niliweka grafu zangu kwenye ukurasa wa somo kwa kutumia programu ya kuchora grafu iitwayo Plotly. Mwanafunzi anaburuta kidole kwenye simu, uso unazunguka. “Angalieni wenyewe,” nikawa nawaambia.

Tulipofika kwenye vikomo, niliweka z = xy/(x² + y²). Pale x na y zote zinapokuwa 0, fomyula hii haina jibu: ni 0 kugawanya kwa 0. Grafu ikatoka na tundu katikati. Likaniudhi. Nikaliziba kwa kuandika 0. Gridi nayo nikaiacha pana ili ukurasa usiwe mzito.

Programu hizi hazichori fomyula. Hupokea thamani za nukta za gridi, kisha huziunganisha kwa vipande bapa. Penye mpasuko, hushona.

Kwenye jaribio niliuliza kikomo hapo katikati. Wengi wakaandika 0. Nikapiga mikasi huku nikinung’unika kwamba siku hizi watu hawasomi. Ukifuata mhimili wa x unapata 0; ukifuata y = x unapata 1/2; ukifuata y = −x unapata −1/2. Kikomo hakipo.

Binti mmoja akaniletea simu. “Mwalimu, mbona hapa uso unapita kwenye 0?” Nikamjibu kwamba picha si ushahidi. Ni kweli, lakini mimi sikuwa na haki ya kumwambia hivyo: picha niliichora mimi, na 0 ile niliipachika mimi.

Nimewaomba radhi mbele ya darasa na kuwarudishia alama. Grafu nimeichora upya kwa pembe na umbali kutoka katikati. Kwa njia hiyo z inakuwa nusu ya sin 2θ, na umbali unafutika katika hesabu: kila pembe inakwenda na kimo chake hadi ndani kabisa. Katikati sijaweka thamani yoyote. Wakiniuliza kwa nini pana tundu, ndipo somo la vikomo linapoanzia.