Tombstone: mji unaokula kwa makaburi

Chuo kimefunga wiki moja, mapumziko ya Machi, na sisi watano tumechangishana hela tukakodi RV. Kwa msiolijua, hilo ni gari-nyumba: vitanda, jiko, friji, choo, vyote mnatembea navyo. Usiku mnapaki kwenye kambi yenye umeme na maji, mnachomeka, mnalala. Raha tupu, ila ole wako usonge ugali likiwa linatembea. Kona moja tu, sufuria imehama!

Jana tumetoka Tucson, na kabla njaa haijauma tukawa Tombstone, Arizona. Jina lenyewe maana yake ni jiwe la kaburi. Mwaka 1877 bwana mmoja, Ed Schieffelin, alikuwa akitafuta madini huku, enzi za vita na Waapache, akaambiwa kitakachopatikana ni jiwe la kaburi lake tu. Yeye akapata madini ya fedha. Mji ukaanza 1879, ukafurika watu, halafu maji yakajaa migodini na wengi wakahama. Sasa wakazi ni kama 1,300.

Wanaishije? Kwa watalii kama sisi. Mtaa wa Allen una vibaraza vya mbao, magari ya farasi, na wanaume wenye bastola kiunoni wanaoigiza mapigano ya 26 Oktoba 1881, kina Earp na Doc Holliday dhidi ya kina Clanton na McLaury. Yalichukua kama sekunde 30, watatu wakafa. Nusu dakika hiyo inalisha mji mpaka leo, jamani! Tumelipa, tumepiga makofi.

Halafu tukaenda makaburini, Boothill. Marundo ya mawe, vumbi, miiba. Wenzangu wakakimbilia kaburi la wale watatu kupiga picha. Mimi nikakwama kwa John Swain. Alizaliwa mtumwa, akaja hapa 1879 na mfuga ng'ombe John Slaughter, akafa 1946 akiwa na umri wa kama miaka mia. Jiwe lake linasema limewekwa na watu wa kambi ya jeshi ya Fort Huachuca na marafiki wa Tombstone. Marafiki!

Mnajua babu yangu alizikwa Songea mwezi wa kwanza nami nikaliona kaburi kwenye simu. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza, mtu akifia ugenini anakuwa wa nani? Mzee Swain kanijibu. Kwetu tunasema rafiki wa kufa na kuzikana, na mimi nilidhani ni maneno ya kupamba barua tu.

Nikawaeleza wenzangu. Mmoja, Mmexico, akaokota kokoto akaiweka pale kwa ajili ya babu, bila kuambiwa. Wengine wakafuata. Nikalia kidogo, si siri.

Kesho asubuhi tunaelekea Bisbee. Zamu ya kupika ni yangu, na safari hii ugali nausonga gari likiwa limesimama. Nawapenda wote, tuonane wiki ijayo.