Mezani, Baada ya Chakula



Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi tunaitaja methali hii kwa mgeni aliyekuja na kifurushi mkononi. Juma hili napenda tumtafakari mgeni mwingine, yule aliyekuja mikono mitupu, ambaye ujio wake unawakusanya wenyeji waliotawanyika.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Agosti, nilikaa siku tisa na familia ya padre mmoja Mhispania, rafiki yangu tangu tulipokuwa masomoni Roma. Mji wao unaitwa El Burgo de Osma, katika mkoa wa Soria, kaskazini mwa Madrid, mwendo usiofika kilomita 200. Ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 5,000 tu. Hata hivyo, una Kanisa Kuu la Kigothi lililoanza kujengwa mwaka 1232, na Mtakatifu Dominiko alikuwa kanoni wa Osma kabla ya kuanzisha shirika lake la Wahubiri. Barabara kuu ina vibaraza vyenye nguzo pande zote, na jioni, joto likipungua, wazee hutembea hapo taratibu wakisalimiana kwa majina.

Mama wa rafiki yangu alikuwa mjane wa miaka 84. Kihispania changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini Kiitaliano cha Roma kilinisaidia, na nilipokwama mwanawe alitafsiri. Siku ya kwanza Mama alinikalisha kitini na kunikataza kugusa chochote. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naye, bila kuijua methali yetu, siku ya tatu alinikabidhi kisu nimenye viazi. Tangu hapo hakuniita tena Padre. Aliniita «hijo», yaani mwanangu.

Chakula cha mchana huliwa huko karibu saa tisa alasiri, maduka yakiwa yamefungwa, na cha usiku saa nne. Mkate huwekwa moja kwa moja juu ya kitambaa cha meza, kila mtu akakata kipande chake. Tulikula kondoo wa kuchoma, na «torreznos», vipande vya nguruwe vinavyokaangwa pole pole hadi ngozi inavimba na kukauka ikalia mdomoni. Lakini kilichonigusa zaidi kilianza sahani zilipokwisha kuwa tupu. Hakuna aliyeinuka. Kahawa ililetwa, maganda ya matunda yakabaki mezani, na mazungumzo yakaendelea saa nzima, pengine mbili. Wenyewe wana neno lake, «sobremesa», yaani muda wa kukaa mezani baada ya kula.

Ilikuwa katika muda huo, siku moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Roko, ndipo jambo zito lilipowekwa wazi. Dada mkubwa wa rafiki yangu, anayeishi Madrid, alisema kwamba Mama hawezi kukaa peke yake majira mengine ya baridi katika nyumba yenye ngazi ndefu. Ahamie kwake, na nyumba iuzwe. Ndugu yao wa Zaragoza aliunga mkono. Mama alikuwa akikusanya makombo ya mkate kwa kiganja. Akauliza kwa sauti ya chini, «Nikiufunga mlango huu, Agosti ninyi mtarudi wapi?»

Hakuna aliyemjibu upesi. Swali lake halikuwa la nyumba moja tu. Mwaka 1950 mkoa wa Soria ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Leo wanakaribia 90,000. Vijana walifuata kazi viwandani na mijini, vijiji vikabaki na wazee, na mapadre wachache waliobaki wanahudumia parokia nyingi kila mmoja. Wahispania wanaiita hali hii «España vaciada», Hispania iliyomwagwa ikabaki tupu, na tarehe 31 Machi 2019 maelfu ya watu wa mikoa kama hiyo waliandamana Madrid wakidai wasisahauliwe. Agosti, wakati wa sherehe, milango hufunguliwa na watoto hujaa barabarani. Septemba, kimya hurudi.

Wakanigeukia mimi: kwenu mnafanyaje? Niliwaeleza habari za Kilimanjaro, jinsi mabasi ya Desemba yanavyopanda yakiwa yamejaa watu wanaorudi kihambani kula Noeli na wazazi, na jinsi Januari mama anavyobaki na migomba, ng'ombe mmoja, na simu anayoisubiri iite. Mama alicheka na kumwambia binti yake, «Unaona? Hata huko kuna Agosti.»

Kisha wakazungumza kweli, bila hasira, hadi jua likaanza kushuka. Walikubaliana kwamba Mama akae Madrid kuanzia Januari hadi Machi, baridi inapokuwa kali, kisha arudi kwake. Kwamba watoto wapokezane kumtembelea kila mwisho wa juma. Na kwamba nyumba isiuzwe angali hai. Rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba walikuwa wamelizungumza jambo hilo kwa simu muda mrefu bila kuafikiana. Safari hii walikaa meza moja, na kwa sababu kulikuwa na mgeni, kila mmoja alilazimika kueleza taratibu na kumsikiliza mwenzake hadi mwisho.

Ndugu zangu, Bwana wetu mwenyewe alipenda kuwa mgeni mezani: Kana, Bethania, Emau. Nasi tunakula pamoja, lakini mara nyingi kijiko cha mwisho kikiwekwa chini kila mtu ameshashika simu yake au njia yake. Mambo mazito ya familia, kama uzee wa mama, shamba la urithi au kaka asiyeonekana, tunayaacha yajadiliwe kwa ujumbe mfupi au baada ya mazishi.

Basi Dominika hii, baada ya chakula, msiondoe vyombo upesi. Na kama mama yenu yuko mbali, msingoje Desemba. Pangeni zamu ya kumtembelea, na kila mmoja ajue siku yake.

Nawatakieni Dominika njema na amani nyumbani mwenu.