Baraza Yetu na Rangi Yake

Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari ya sakafu, nayo ni sakafu ya baraza yetu wenyewe, iliyotutia aibu.

Nyumba tunayokaa hapa Muheza ni ya zamani. Baraza yake ni ya saruji, na kila aliyekaa humo kabla yetu aliipaka rangi nyekundu ya mafuta, rangi juu ya rangi. Mwaka jana ilikuwa imebanduka mahali pengi. Mara tukapata habari kwamba wazee wa ukoo mwingine wanakuja kumposa binti wa ndugu yetu. Tukaona haya. Tukanunua kopo la rangi, tukafagia, tukapaka jioni, na asubuhi yake tukapaka tena. Wageni walipofika, sakafu iling'aa kama kioo. Wakatusifu, nasi tukazipokea sifa tusizostahili.

Masika yakaingia. Hata ilipofika Aprili, rangi ilikuwa imefanya malengelenge. Ukiyakanyaga yapasuka, na ndani mna maji. Tena pale ilipokuwa ingali nzima, ilikuwa laini mno. Siku moja ya mvua mama yetu alitoka alfajiri, akateleza, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Alikaa na plasta wiki sita. Hakutulaumu hata kwa neno moja, na kule kunyamaza kwake kulitulemea kuliko lawama.

Ndipo tukamwita fundi mwashi, mtu mzima aliyezoea kazi hiyo. Akachutama, akabandua gamba moja kwa ukucha, akatuonyesha unga mweupe chini yake. Akasema, "Mwalimu, mmemvika mgonjwa kanzu mpya."

Alitueleza kwamba saruji, ijapokuwa ngumu, ina vitundu vidogo sana, nayo huvuta maji kutoka ardhini kama utambi uvutavyo mafuta ya taa. Maji yale hupanda pamoja na chumvi. Yakifika juu na kukuta rangi imeziba njia, huisukuma mpaka ibanduke. Ule unga mweupe ndio chumvi yenyewe. Basi hata tungalinunua rangi ya bei kubwa kuliko zote, ingalibanduka vilevile. Akatutembeza nje ya baraza, na huko tukaona kosa letu: mama watoto alikuwa amepanda maua, nasi tulikuwa tumemjazia udongo mpaka ukapita kimo cha sakafu, na maji ya paa yalimwagika papo hapo. Maua yakahamishwa (si bila maneno), udongo ukashushwa, tukachimba mfereji wa kupeleka maji mbali.

Ikabaki kuiondoa rangi ya kale. Sisi tulitaka kuipiga msasa mara moja tumalize, lakini fundi akatukataza, nasi twamshukuru mpaka leo. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo, kwa kuwa hudhuru ubongo wao. Marekani walikataza rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Yetu hatukuwa na njia ya kuipima; basi tukaihesabu kuwa ina sumu. Watoto tukawapeleka kwa shangazi yao. Tukailowesha sakafu kidogo kidogo, tukaikwangua ingali mbichi ili vumbi lisiruke, tukayakusanya magamba yote katika mfuko, na nguo za kazi zikafuliwa peke yake. Kazi ile ilitushika siku tisa, na magoti yetu yangali yakikumbuka. Tulikumbuka pia, kwa hofu, ya kuwa mtoto wetu mdogo alikuwa akiyachezea magamba yale mwaka mzima. Tukampeleka hospitali, tukamweleza mganga habari yote.

Sasa baraza i wazi, rangi ya kijivu yenye madoa mekundu. Mama watoto hapendezwi nayo. Tumekubaliana kungoja hata masika yapite, kisha tuijaribu kama fundi alivyotufundisha: kukata nailoni ya mraba, yapata sentimeta 45 kila upande, kuibandika sakafuni kwa utepe pande zote hewa isipite, na kuiacha mchana na usiku. Ukiifunua ukakuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi, usipake. Ikiwa kavu, tutapaka rangi nyembamba, nayo tutaichanganya na mchanga laini ili miguu ipate kushika.

Jaribio la kwanza tulilifanya juzi, kwa kukosa subira, na matone yalikuwapo. Mama ametuagiza tusiiondoe nailoni ile. Ameweka kiti chake kando yake, naye huwafukuza kuku wasiidonoe.