Miwani kwa Nyumba ya Watu Watano

Matangazo ya miwani ya uhalisia pepe yana nyumba ya aina moja tu. Sebule ni pana, kochi limesukumwa ukutani, na mtu mmoja amesimama katikati akipunga mikono hewani. Hakuna anayepita nyuma yake na beseni la maji. Hakuna mtoto aliyelala pembeni. Kila nilipoona tangazo la namna hiyo nilijiuliza nyumba ile ni ya nani, kwa sababu mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuchagua miwani kwa ajili ya nyumba yetu, na nyumba yetu ni vyumba viwili Wandegeya, hatua chache kutoka Barabara ya Bombo. Tunaishi watu watano: Mama, Dada ambaye husuka nywele katika saluni moja karibu na soko, wanawe wawili, na mimi ninayesoma Kiswahili hapo juu kilimani Makerere.

Kazi hiyo nilipewa na Kaka. Yeye ni mlinzi Dubai, na alikuwa anatarajia kuja likizo Desemba 2024. Aliniandikia hivi: "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wa nyumba. Nichagulie miwani ile pamoja na michezo yake. Nataka mbili, moja yenu na moja yangu, tuwe tunakutana humo."

Ombi lake halikuwa la anasa. Huko aliko, simu za sauti na za video za WhatsApp zimezuiwa, kwa hiyo hutupigia kwa BOTIM. Hapa kwetu Facebook ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Mama husema kwamba watoto wake wanazungumza kama watu walio pande mbili za mto, na kila upande una askari wake. Kaka alidhani miwani itakuwa daraja.

Akiba aliyotenga ilikuwa dirhamu 2,200, yaani kama dola 600. Lakini fedha hiyo ilikuwa na mwenyewe mwingine. Mama alizaliwa Busia, mpakani, na huko anajenga. Nyumba ina paa, ila madirisha yamezibwa kwa mabati chakavu. Kila dola iliyoingia kwenye miwani ilikuwa dola iliyotoka dirishani. Ndiyo maana sikutaka kuchagua kwa kusoma sifa peke yake.

Nilianza kwa kupanga aina. Ipo miwani ya kutumbukiza simu ndani, iliyopata umaarufu kwa kasha la karatasi ngumu la Google mwaka 2014. Bei yake ni ndogo, lakini ukiwa ndani yake unatazama tu. Huwezi kupiga hatua wala kushika kitu, na kampuni kubwa zilizoitengeneza zimeshaiacha. Ipo inayotegemea kompyuta yenye nguvu, kama Valve Index ya mwaka 2019, iliyouzwa dola 999 pamoja na vifaa vyake, na kompyuta ujitafutie. Ipo ya Sony, PlayStation VR2, iliyotoka Februari 2023 kwa dola 549.99, nayo ilipotoka ilidai uwe na PlayStation 5. Ipo ya Apple ya dola 3,499, ambayo niliitaja nyumbani ili tu watu wacheke. Mwisho ipo inayojitegemea, yenye kompyuta na betri ndani yake, na hapo wanaoongoza ni Quest za kampuni ya Meta.

Uchaguzi wa aina haukunichukua muda, maana umeme ulinichagulia. Mita yetu ya Yaka huisha usiku bila kubisha hodi, na hata ikiwa na yuniti, umeme wenyewe hukatika. Kifaa chenye betri ya saa mbili hivi kinaweza kumaliza mchezo gizani. Kifaa chenye nyaya tatu na kompyuta kinazimika pamoja na balbu.

Quest nayo ilikuwa na kisa chake hapa Uganda. Quest 2 ilipotoka Oktoba 2020 ilidai akaunti ya Facebook. Miezi mitatu baadaye Facebook ikafungwa nchini. Aliyekuwa nayo Kampala alikuwa na mlango unaodai ufunguo uliopigwa marufuku, na ilimbidi apite kwa VPN. Agosti 2022 Meta walileta akaunti isiyolazimu Facebook, na adha hiyo ikapungua. Ilibaki adha ya malipo: duka la michezo linataka kadi, nasi huku tunalipana kwa pesa za simu. Hilo nililitatua kwa ushauri mmoja: michezo inunuliwe na Kaka hukohuko, iwekwe ndani, ije ikiwa tayari.

Kilichobaki ni nyumba yenyewe. Rafiki yangu wa chuoni ana Quest 2, akakubali kutuazima kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, kwa sharti kwamba isikaribie jiko la mkaa. Nilipomweleza Mama kwamba kifaa hiki ni cha uhalisia pepe, alisikia "pepo" na kuuliza ni nani amekiruhusu kulala ndani. Nilimwambia ni "pepe" ileile ya barua pepe. Akajibu kwamba barua pepe angalau haifunikwi usoni.

Siku mbili zile zilinifundisha mambo ambayo sikuyaona katika jedwali lolote la sifa.

La kwanza ni nafasi. Meta wanapendekeza uwanja wa mita mbili kwa mbili kwa michezo ya kutembeatembea. Nilipima chumba cha mbele. Baada ya kitanda, kabati, madumu ya maji na meza ya televisheni, tulibakiwa na mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Lakini Quest inakubali pia ukae au usimame mahali pamoja. Inakuchorea duara dogo, na ukitoa kichwa nje ya duara unaanza kuona chumba chako. Hivyo michezo ya kukimbizana na kuviziana tuliifuta yote kwenye orodha. Ilibaki Beat Saber, kazi ya vijana wa Prague iliyotoka mwaka 2018, ambapo unasimama na kukata vipande vinavyokujia kwa mdundo wa muziki; na Moss, hadithi ya panya mdogo shujaa, unayoicheza ukiwa umeketi kwenye kigoda.

La pili ni tumbo. Mpwa wangu wa miaka 14 alichagua gari la reli linaloporomoka milimani. Dakika ya nne aliivua miwani, akaketi sakafuni, akaomba ndimu. Macho yalimwambia anaporomoka, sikio la ndani likamwambia ameketi, na mwili ukaukataa uongo huo. Nikaandika kanuni: mchezo mzuri kwa anayeanza ni ule ambao dunia ya ndani haisogei mpaka mwili usogee.

La tatu ni kichwa. Miwani ile ina uzito wa gramu 503, karibu nusu kilo, na mkanda wake ni wa kitambaa. Dada alikuwa na misuko minene iliyofungwa juu. Mkanda ulipopita chini ya fundo, miwani iliinama puani. Ulipopita juu, ilitaka kuanguka. Mwishowe aliigawa misuko mafungu mawili na kupitisha mkanda katikati, huku akisema kwamba aliyebuni kitu hiki hajawahi kuketi kwenye kiti cha saluni Wandegeya. Kuna pia jasho na vumbi. Mwaka 2021 mauzo ya Quest 2 yalisimamishwa kwa muda kwa sababu sponji ya usoni iliwawasha baadhi ya watumiaji, na kampuni ikatoa vifuniko vya silikoni. Nyumba ya watu watano haina haja ya kujadili: kifuniko cha silikoni, na kitambaa safi kila miwani inapobadilisha uso.

La nne ni macho. Lenzi za Quest 2 zinasogezwa kwa mkono mahali patatu, milimita 58, 63 na 68, kulingana na umbali kati ya mboni zako. Sehemu iliyomfaa Dada ilimfanya Mama aone ukungu. Kwa mtu mmoja unapanga mara moja na kusahau. Kwetu ilibidi tuandike namba ya kila mtu kwa kalamu kwenye kasha.

La tano lilikuwa gumu kuliko yote, nalo ni umri. Kampuni inasema mtumiaji awe na miaka 10 au zaidi. Hadi mwaka 2023 walikuwa wakisema 13. Mpwa wangu mdogo ana miaka 7. Tulimkatalia, akalia kilio ambacho majirani walikisikia hadi upande wa Katanga. Kilichomnyamazisha ni uwezo wa Quest wa kurusha kwenye simu picha anayoiona mvaaji. Nilimpa simu, akaketi kwenye kochi, na ghafla akaanza kutangaza. Wasomaji wa Kampala wanawajua mavijee, wale wanaokaa katika vibanda vya video na kutafsiri filamu za kigeni kwa Kiganda papo hapo, wakiongeza chumvi yao wenyewe. Mtoto huyu amekua akiwasikia. Kila Dada alipokosa kipande, kijee wetu alimtangazia msiba, na chumba kizima kikacheka. Usiku ule nilielewa kwamba swali langu la kwanza kwa kila mchezo linapaswa kuwa hili: wasiovaa watapata nini?

Jumapili mchana ilikuwa zamu ya Mama. Hakutaka panga za mwanga wala panya. Nilimfungulia Wander, programu inayokuweka ndani ya picha za barabarani za Google, nikamweka Deira, upande wa Dubai anakokaa Kaka. Programu hii hula bando kwa sababu kila picha hutoka kwenye intaneti, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa. Mama aliketi wima, akageuza kichwa polepole. Alitazama juu, akahesabu ghorofa. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

"Mbona watu wamefutwa nyuso?" akauliza.

Nilimweleza kwamba Google huzififisha nyuso za wapita njia ili wasitambulike. Aliendelea kugeuka, kushoto, kulia, akimtazama kila mwanamume aliyesimama mlangoni. Nilijua anatafuta nini. Picha ile huenda ilipigwa kabla Kaka hajapanda ndege.

"Hata akiwepo sitamjua," alisema, na akaivua.

Jioni niliirudisha miwani kwa mwenyewe, kisha nikamwandikia Kaka. Nilimshauri anunue moja, Quest 3S ya dola 299.99, iliyotoka Oktoba ile ile. Nilimweleza kwamba Quest 3 ya dola 499 ina lenzi bora na maandishi yanasomeka vizuri zaidi, lakini zote mbili zina prosesa ileile, michezo ileile inafanya kazi kwa zote, na kwa yale tutakayofanya sisi, dola 200 hazionekani. Menyu haina Kiswahili wala Kiganda, hivyo achague michezo ambayo mtu anaielewa kwa kutazama. Nikamwandikia mitatu: Beat Saber, Moss, Wander.

Kuhusu ya pili, nilimwambia asinunue. Angetuona kama vikaragosi, na sisi tungemwona hivyohivyo, mmoja mmoja kwa zamu, wengine wanne wakisubiri nje ya mlango. BOTIM yenye picha ya kukwama inatuonyesha angalau uso wake, na uso ndio ambao Mama alikuwa akiutafuta. Fedha ya miwani ya pili iende Busia.

Hakujibu kwa siku mbili. Nilidhani amekasirika. Siku ya tatu aliuliza vipimo vya madirisha.

Alifika Desemba, miwani ikiwa imefungwa ndani ya blanketi katika begi. Wapwa waliimaliza betri jioni ileile, mdogo akitangaza hadi sauti ikamkauka. Kesho yake Mama aliniambia nimrudishe Deira. Nilishangaa, maana sikutarajia angetaka tena. Nikampangia lenzi kwenye namba yake, Dada akamrekebishia mkanda juu ya kitambaa cha kichwa, nami nikampa Kaka simu.

Kaka alisimama nyuma ya kigoda, mkono mmoja begani kwa Mama, macho kwenye simu. "Geuka kulia, Mama. Zaidi. Unaona duka lenye kibao cha kijani? Sasa mlango wa pili kutoka hapo."

"Huu wa vioo?"

"Huo huo. Nasimama hapo, saa kumi na mbili."

"Kuna kivuli?"

"Mchana hakuna. Jioni jengo lile la mbele linaleta."

Mama aligeuka kulitazama jengo la mbele, akalitazama kwa muda, kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Kisha akauliza choo kiko wapi, na nani humshikia lindo anapokwenda kula. Kaka alijibu yote. Betri ilipoanza kulia, hakuna aliyeitilia maanani.