Programu ya Simu kwa Kalamu na Karatasi

Muhula huu kila Jumamosi nawafundisha wanafunzi wa Gredi ya 8 wa shule jirani kubuni programu ya simu. Mtauliza, kompyuta zimetoka wapi? Hazijatoka popote! Twatumia karatasi. Kila karatasi ni skrini, kila mraba ni kitufe. Mmoja akigusa kitufe, mwenzake humfunulia karatasi inayofuata. App Inventor ya chuo cha MIT, Marekani, ambayo huunganisha vipande vya amri kama matofali, itatungoja.

Kazi yenyewe ni kuonyesha kioski kipi kina maji leo, ili mtu asibebe mtungi bure. Vijana walichangamkia rangi na picha, we acha tu! Kisha msichana mmoja, mpole ajabu, akauliza, "Na nyanya yangu mwenye kabambe je? Yeye ndiye huteka maji."

Kukawa kimya jii.

Nikawaambia kwamba M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 haikuhitaji skrini ya kugusa. Ilitumia orodha fupi ya maneno. Basi rangi zikafutwa (wengine wakanuna). Sasa ni ujumbe mfupi: tuma jina la kioski, upate jibu, "yapo" au "hakuna".

Ubishi uliobaki ni huu: nani ataripoti maji yakikatika? Mwenye kioski atakubali kweli kuwafukuza wateja wake? Mimi naona watekaji wenyewe ndio waripoti. Msichana yule ameshaanza kumbembeleza nyanya yake.