Mali ya Wasiozaliwa

Ndugu msomaji, usilidharau jiwe kwa sura yake. Yako mawe ambayo ndani ni matupu, na utupu huo ndio mwanzo wa uzuri wake. Maji yaliyoyeyusha madini hupenya humo, nayo madini huganda ukutani kidogo kidogo, hata yakawa fuwele zing'arazo.

Mwaka 1999, huko Pulpí, nchini Hispania, uwazi wa namna hiyo uligunduliwa ndani ya mgodi uliokwisha kuachwa. Urefu wake ni kama mita 8. Fuwele zake ni za jasi, ileile ichanganywayo katika saruji, lakini hupitisha mwanga mithili ya kioo. Wataalamu wamekadiria kuwa umri wake haupungui miaka 60,000.

Nyundo ingaliweza kuzimaliza kwa siku chache. Hata hivyo zilihifadhiwa, na mwaka 2019 wananchi wakafunguliwa mlango wakazitazame. Nami niliye mzazi napenda wanangu walifahamu jambo hili: si kila kionekanacho ni cha kuchumwa. Iko mali ambayo faida yake ni kuachwa mahali pake, ili wasiozaliwa nao waikute.